James Jamerson: Umecheza ngoma zake bila kujua jina lake

Ukipanda nganya ya Rongai jioni, kitu cha kwanza kukufikia si maneno ya wimbo. Ni besi. Inakugonga kifuani kabla hujajua ni nani anaimba. Sasa jiulize, ni wapigaji wangapi wa besi unaowajua kwa jina? Wengi wetu hata watatu hatufikishi.

Wacha nikutambulishe kwa mmoja. Anaitwa James Jamerson. Aliaga dunia zaidi ya miaka 40 iliyopita, na kama umewahi kusikia My Girl ya The Temptations harusini, umeshamsikia. Zile noti za chini zinazodunda kama moyo kabla gitaa halijaingia, ni kidole chake.

Jamerson alizaliwa mwaka wa 1936 katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina, Marekani. Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto alichomeka kijiti ardhini karibu na sisimizi, akafunga uzi wa mpira, kisha akaanza kuupiga ili sisimizi wacheze. Hapo bado hajagusa chombo chochote cha maana, lakini kichwani tayari anajua kazi yake ni kuwachezesha wengine.

Mwaka wa 1954 alihamia Detroit, jiji la viwanda vya magari ambako Wamarekani weusi wengi kutoka Kusini walikuwa wanakimbilia kusaka riziki. Katika shule ya upili ya Northwestern alikutana na besi kubwa ya mbao, ile inayopigwa mtu akiwa amesimama. Hakukawia kuanza kupiga jazi kwenye vilabu vya usiku. Shika hilo la jazi, kwa sababu ndiyo siri ya kila kitu kilichofuata. Kwenye jazi, msee wa besi hangojei kuambiwa apige nini. Anasikiliza, anajibu, anazua.

Mwaka wa 1959, jamaa anayeitwa Berry Gordy alikopa dola 800 kutoka kwa familia yake akaanzisha kampuni ya muziki iliyokuja kuitwa Motown. Studio ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida tu, barabara ya West Grand Boulevard. Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, nyaya zinaning'inia kutoka darini, na wanamuziki wakakibatiza Shimo la Nyoka. Humo ndimo mbogi ya wapigaji iliyojulikana kama The Funk Brothers ilishinda mchana na usiku ikitoa wimbo baada ya wimbo. Waimbaji walibadilika. Leo The Supremes, kesho Four Tops, keshokutwa Stevie Wonder. Waliokuwa nyuma yao ni wale wale.

Miaka ya mapema ya sitini, Jamerson aliongeza gitaa la besi la umeme, Fender Precision la mwaka wa 1962. Alilipiga kwa namna yake. Mkono wa kulia ulitumia kidole kimoja tu, kile cha shahada, kilichopindwa kama ndoana. Nyuzi zilikuwa nene na zilikaa juu sana, hivi kwamba wengine wakilishika hilo gitaa vidole viliwauma. Na hakuwa mtu wa kubadilisha nyuzi hadi ikatike. Aliamini uchafu uliojikusanya humo ndio uliobeba utamu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kabla yake, besi ya wimbo wa pop ilikuwa kama mlinzi wa geti. Inasimama pale pale, noti mbili tatu, isisumbue wenye nyumba. Jamerson alimtoa mlinzi getini akamwingiza sebuleni. Vaa hedifoni usikilize Bernadette ya Four Tops, ya mwaka wa 1967. Usimfuate mwimbaji, fuata chini. Besi haitulii. Inapanda, inateleza katikati ya midundo, inaruka pale hukutarajia, kisha inatua sawasawa pale mwimbaji anapoihitaji. Halafu weka For Once in My Life ya Stevie Wonder. Ni kama nyimbo mbili zinaimbwa kwa wakati mmoja, na hakuna inayomkanyaga mwenzake.

Lakini ukitaka kujua alikuwa na mikono ya aina gani, mtoe Motown kabisa. Boom Boom ya John Lee Hooker ni bluzi ya vumbi, na besi ni yake. Mwaka wa 1967, yeye na wenzake kadhaa walichomoka Detroit hadi Chicago kumpigia Jackie Wilson kibao cha Higher and Higher. Hiyo ilikuwa kazi ya kuiba. Motown haikutaka watu wake wapige kwingine, na waliponaswa walitozwa faini. Ila msee ana familia, na pesa ya pembeni ni pesa.

Hapa ndipo hadithi inapouma, kwa hivyo tulia nayo. Mwanzoni wapigaji wa Motown walilipwa dola chache kwa kila wimbo. Baadaye Jamerson aliwekwa kwenye mshahara wa kila wiki, na ulikuwa mshahara wa kueleweka. Lakini mrabaha, ile pesa inayoendelea kuingia kila wimbo unapouzwa au kuchezwa, uliwaendea waliosajiliwa kama watunzi na wenye rekodi. Besi haikuhesabiwa kuwa utunzi, hata kama wimbo mzima ulikuwa umesimama juu yake. Ukimaliza siku yako studioni, umemaliza. Wimbo ukiuza mamilioni, hiyo ni habari ya watu wengine.

Jina lake pia halikuwepo. Kwa miaka yote ya sitini, majaketi ya albamu za Motown hayakuwataja wapigaji. Vijana walionunua rekodi hizo dunia nzima walijua kulikuwa na mtu wa ajabu kwenye besi, lakini hawakujua anaitwa nani. Paul McCartney wa The Beatles alikuwa mmoja wa waliomfuata kwa masikio tu.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1971, Marvin Gaye alipotoa albamu ya What's Going On. Inasimuliwa kwamba usiku wa kurekodi wimbo wenye jina hilo, Marvin alimsaka Jamerson vilabuni hadi akampata, akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kukaa kwenye kiti. Basi akalala chali sakafuni, gitaa kifuani, akapiga. Usikilize huo wimbo ukijua hivyo, kisha uniambie kama unasikia ulevi. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba wametengeneza kitu kikubwa. Hakupiga nyimbo zote za albamu hiyo, chache alipiga Bob Babbitt. Lakini jaketi lilitaja wapigaji, na Jamerson akaandikwa kama mtu asiye na mfano. Miaka zaidi ya kumi ya kazi, ndipo jina likatoka.

Mwaka uliofuata Motown ilihamia Los Angeles. Wapigaji wengi waliachwa Detroit. Jamerson alifuata mwaka wa 1973, na mwanzoni mambo yalikuwa fiti. Alimpigia Mwingereza Robert Palmer kwenye albamu ya Pressure Drop ya 1975, na besi yake iko kwenye You Don't Have to Be a Star ya Marilyn McCoo na Billy Davis Jr., iliyofika nambari moja Marekani. Ila disko ilikuwa imeingia. Maprodyuza walitaka besi inayong'aa, nyuzi mpya, mtindo wa kuzichapa kwa kidole gumba. Mtu aliyeweza kupiga jazi, bluzi na pop kwa siku moja alikataa kubadilisha nyuzi. Unaweza kusema ni ukaidi. Mimi naona sauti ile ndiyo ilikuwa mali yake pekee, hakuwa na kingine cha kuuza. Pombe nayo ilishamla. Simu za kazi zikapungua, kisha zikanyamaza.

Machi 1983, Motown ilisherehekea miaka 25 kwa shoo kubwa huko Pasadena. Ndiyo usiku ule Michael Jackson alipoonyesha dunia mtindo wa kutembea kinyumenyume. Jamerson hakualikwa. Alinunua tiketi kwa walanguzi, akakaa huko nyuma na umati, akitazama watu wakishangiliwa kwa nyimbo alizozijenga.

Siku chache kabla ya kifo chake, gitaa lake la 1962 liliibwa. Tarehe 2 Agosti 1983 alifariki Los Angeles, ini likiwa limeharibiwa na pombe. Alikuwa na miaka 47.

Heshima ilikuja wakati mwenyewe hayupo. Mwaka wa 1989 kikatoka kitabu kuhusu maisha na noti zake, Standing in the Shadows of Motown. Mwaka wa 2000 akaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, mwaka wa kwanza ambapo wapigaji wa nyuma walitengewa nafasi yao. Filamu kuhusu mbogi yake ikafuata mwaka wa 2002.

Wewe unayepiga besi kanisani Jumapili, au unatengeneza biti kwenye laptopu ya kuazima pale Kayole, usiseme hii ni hadithi ya Wamarekani wa zamani. Kabla hujampa mtu biti, andikishaneni. Jina lako litakaa wapi, na asilimia yako ni ngapi. Msiache hadi ngoma ishike. Ikishashika, kila mtu atakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeitunga.