Finch Hatton: Mlowezi wa Eldoret aliyenusurika vita vilivyowamaliza wenzake wa shule

MNAMO Mei 14, 1931, ndege ndogo aina ya Gypsy Moth ilianguka na kuteketea punde tu baada ya kupaa kutoka Voi. Waliofariki walikuwa wawili: rubani Denys Finch Hatton, na mtumishi wake, Kamau.

Finch Hatton alizaliwa Uingereza Aprili 24, 1887, katika ukoo wa makabaila. Alisomea shule ya Eton, ambako aliongoza Pop, chama cha wanafunzi wateule, kisha akajiunga na Chuo cha Brasenose, Oxford.

Mwanzoni mwa miaka ya 1910 alifika Kenya na kununua ardhi karibu na eneo ambalo sasa ni mji wa Eldoret, uliojulikana wakati huo kwa nambari ya shamba, 64, ambayo wenyeji waliitamka Sisibo. Nyanda hizo za Uasin Gishu zilikuwa zimetengewa walowezi baada ya Wanandi kushindwa na kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kuuawa mnamo 1905.

Kilimo hakikumvutia. Alimwachia mshirika wake shughuli za shamba, naye akashika njia ya uwindaji.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mnamo 1914, wasomi wa Eton na Oxford walijitokeza kwa wingi kuwa maafisa. Finch Hatton alipigana huku huku Afrika Mashariki. Alijiunga na kikosi cha wapelelezi cha rafiki yake Berkeley Cole, ambacho wapiganaji wake wengi walikuwa Wasomali, kukabiliana na Wajerumani wa Tanganyika.

Baadaye akawa mpambe wa Jenerali Reginald Hoskins, na akatunukiwa nishani ya Military Cross. Alimfuata jenerali huyo hadi Mesopotamia, ambayo leo ni Iraq, na mnamo 1918 akapelekwa Misri kujifunza urubani.

Wenzake wa Eton hawakuwa na bahati hiyo. Julian Grenfell alifariki Mei 1915 kutokana na majeraha aliyopata Ubelgiji. Charles Lister alifuata Agosti mwaka huo, baada ya kujeruhiwa Gallipoli. Patrick Shaw-Stewart aliuawa Ufaransa Desemba 1917. Kwa jumla, zaidi ya wanafunzi wa zamani 1,100 wa shule hiyo moja waliangamia.

Huku Afrika Mashariki, mzigo wa vita ulibebwa na wapagazi Waafrika. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, na kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam.

Baada ya vita, Finch Hatton alipata sifa kwa kuongoza misafara ya uwindaji, ikiwemo ya Mwanamfalme Edward wa Uingereza mnamo 1928 na 1930. Pia alipinga tabia ya kuwapiga wanyama risasi kutoka kwenye magari.

Alizikwa katika vilima vya Ngong, mahali palipochaguliwa na mwandishi Karen Blixen, mpenzi wake. Nduguye alimjengea mnara hapo, na marafiki zake wakamjengea daraja huko Eton.

Majina ya wanafunzi wa Eton waliokufa vitani yaliwekwa kwenye kuta za shule yao. Majina ya wapagazi wengi hayakuwekwa kwenye minara ya kumbukumbu. Naye Kamau, aliyekufa katika ndege ile ile, anakumbukwa kwa jina hilo moja tu.