Seth Lover: Fundi aliyenyamazisha mngurumo wa gitaa

Fundi wa Kisaju anayejiundia kifuniko cha kinasa sauti cha gitaa la umeme hukabiliwa na swali lililomsumbua Mmarekani Seth Lover zaidi ya nusu karne iliyopita: ni metali gani italinda sauti bila kuiharibu?

Marehemu Lover alizaliwa mwaka wa 1910 mjini Kalamazoo, Michigan, kulikokuwa na kiwanda cha gitaa cha Gibson. Alianza kwa kutengeneza redio, kisha akaajiriwa na kampuni hiyo.

Enzi hizo, vinasa sauti vya koili moja vilinasa pia mngurumo wa stima. Lover aliunganisha koili mbili zilizopingana, mngurumo ukajifuta, sauti ya nyuzi ikabaki.

Hata hivyo, kelele nyingine ilihitaji kuzuiwa kwa kifuniko cha metali. Chuma cha kawaida kingevuruga nguvu za sumaku, nayo shaba ingefifisha sauti za juu. Alipendelea chuma kisichoshika kutu, lakini kilikuwa kigumu kulehemu. Hatimaye alichagua mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki.

Ombi la hataza liliwasilishwa mwaka wa 1955 na kukubaliwa 1959. Jina la mvumbuzi lilikuwa lake, ila haki zilikuwa za Gibson. Mwaka wa 1967 alihamia kwa washindani wao, Fender.

Alifariki Januari 1997 akiwa na umri wa miaka 87. Wanamuziki wengi wanaofaidi utulivu wa kifaa chake hawalijui jina lake.