Lewis Carroll: Mwalimu wa Hisabati Aliyetazama Ndani ya Maneno

Mtahiniwa, soma wasifu huu kwa makini, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Maisha ya awali

Charles Lutwidge Dodgson, anayejulikana zaidi kwa jina la Lewis Carroll, alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury nchini Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana. Katika familia ya watoto kumi na mmoja, Charles alikuwa wa tatu kuzaliwa na mvulana wa kwanza. Tangu utotoni alikuwa na kigugumizi kilichomfuata hadi uzeeni. Hata hivyo, nyumbani ndiye aliyewabunia ndugu zake michezo na kuwatengenezea magazeti ya familia. Gazeti mojawapo aliliita Mischmasch, yaani mchanganyiko. Likumbuke jina hilo, kwa kuwa utakutana nalo tena.

Elimu na kazi

Mnamo Januari 1851 alianza masomo katika Chuo cha Christ Church, Oxford. Siku mbili tu baada ya kuwasili, mama yake alifariki, naye akaitwa nyumbani. Msiba huo haukumkatisha masomo. Mwaka 1854 alihitimu kwa daraja la kwanza katika hisabati, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha somo hilo chuoni hapo. Aliifanya kazi hiyo hadi mwaka 1881.

Mwaka 1861 alipata ushemasi, lakini hakuendelea hadi ukasisi. Kigugumizi kilimtaabisha, hasa alipotakiwa kuhubiri. Ulimi ulikwama, bali kalamu haikukwama. Katika rejista aliyoianza mwaka huohuo, aliorodhesha zaidi ya barua 98,000 alizoandika na kupokea.

Jina la Lewis Carroll alilipata mwaka 1856 kwa kuyageuza majina yake mawili ya kwanza kwenda Kilatini, kuyabadilishana nafasi, kisha kuyarudisha kwa sura ya Kiingereza. Kwa jina hilo alichapisha mwaka 1865 kisa cha msichana Alice, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakipata katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Mwaka 1871 alitoa kitabu cha pili cha Alice. Humo alibuni neno chortle, lililounganisha maneno mawili ya Kiingereza, chuckle na snort. Leo neno hilo limo katika kamusi.

Michezo ya herufi

Krismasi ya mwaka 1877 alibuni mchezo kwa ajili ya wasichana wawili waliokosa la kufanya. Katika mchezo huo, neno hugeuzwa kuwa neno jingine kwa kubadili herufi moja kila mara. Kwa mfano, kichwa huwa mkia hivi: head, heal, teal, tell, tall, tail.

Miaka michache baadaye alibuni mchezo mwingine, akaupa jina la lile gazeti la ujanani: Mischmasch. Mchezaji mmoja hutoa kiini, yaani herufi mbili au zaidi zinazofuatana. Mwenzake hutafuta neno lenye herufi hizo kwa mpangilio uleule. Kiini gp kinapatikana katika magpie, emo katika lemon, na imse katika himself. Majina ya pekee hayakubaliki, na neno liwe linajulikana na watu wa kawaida.

Carroll alifariki kwa nimonia mjini Guildford tarehe 14 Januari 1898, zikiwa zimesalia wiki mbili atimize miaka 66.

Unajifunza nini?

Wewe umezoea Kiswahili, ambacho huandikwa kama kinavyotamkwa. Kiingereza hakikuhurumii hivyo. Watahiniwa wengi huandika government bila n ya katikati kwa sababu sikio haliisikii vizuri, na alama zinapotea. Mchezo wa Carroll unakufundisha kutazama ndani ya neno badala ya kulitegemea sikio.

Chukua kiini rnm. Ukianza kupekua maneno kutoka herufi A, utachoka. Jiulize kwanza: je, hapa si mahali ambapo maneno mafupi au viambishi vimeungana? Herufi m inaweza kuanzisha kiambishi -ment. Basi tafuta kitenzi kinachoishia na rn, nawe utapata govern, halafu government. Kwa njia hiyohiyo, gnm inakupa assign na -ment, yaani assignment. Kiini ghtf kinakupa thought na -ful. Ongeza -ness, upate thoughtfulness, neno la herufi kumi na nne. Kiini nne kinakupa drunken na -ness, yaani drunkenness. Sasa unajua kwa nini lina n mbili.

Maneno mengi marefu ni mafupi yaliyoshonwa pamoja, na herufi zinazokusumbua mara nyingi ziko kwenye mshono. Ukiujua mshono, huna haja ya kukariri neno zima. Cheza na mwenzako dakika kumi kila jioni. Anayetoa kiini sharti awe na jibu lake. Kwa hiyo hata anayeuliza anajifunza.

Maswali

1. Eleza namna Charles Dodgson alivyopata jina la Lewis Carroll. (alama 2)
2. Taja magumu mawili aliyokutana nayo maishani. (alama 2)
3. Kwa kutumia mfano mmoja, fafanua mchezo wa Mischmasch. (alama 3)
4. Tafuta neno refu la Kiingereza lenye kila kiini kifuatacho, kisha onyesha mshono wake: (a) ronm (b) issp (c) rdsh (alama 6)
5. Andika muhtasari wa sehemu ya “Unajifunza nini?” kwa maneno 50. (alama 7)