Luis Leloir, aliyefumbua siri ya sukari ya maziwa

Mama anayenyonyesha Kasongo au Kabambare akila ugali wa muhogo na sombe, chakula hicho hugeuka sukari ya damu. Ndani ya matiti, sehemu ya sukari hiyo hubadilishwa tena kuwa laktosi, sukari ya maziwa. Aliyefumbua hatua kuu ya mabadiliko hayo ni Luis Federico Leloir wa Argentina, aliyefariki tarehe 2 Desemba 1987.

Leloir alizaliwa Paris mwaka 1906, akakulia Argentina. Alisomea udaktari, kisha akaacha kutibu wagonjwa na kuingia maabara ya profesa Bernardo Houssay, ambako alichunguza jinsi homoni za tezi zilizo juu ya figo zinavyoathiri sukari mwilini. Mwaka 1943 serikali ya kijeshi ilimfukuza Houssay chuoni kwa kutia sahihi waraka wa kudai demokrasia. Leloir naye akaondoka, akaenda Marekani.

Aliporudi, mwaka 1947 alianza kuongoza taasisi ndogo mjini Buenos Aires. Fedha zilikuwa chache, hata kiti chake kilifungwa kamba kisivunjike. Mwenzake Ranwel Caputto alidhani amegundua jinsi matiti yanavyotengeneza laktosi, lakini majaribio yakakataa. Ndipo wakageukia hamira inayokula laktosi. Humo walikuta kibebeo kinachoshika glukosi na kuiwezesha kugeuka galaktosi. Njia hiyo hiyo hutumika ndani ya titi: galaktosi huungana na glukosi, laktosi ikapatikana. Kazi hiyo ilimpa Leloir Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1970.

Laktosi huvuta maji, hivyo ndiyo inayoamua wingi wa maziwa. Amri hutoka kwa homoni. Kondo la nyuma likitoka, projesteroni hushuka, na prolaktini, ikisaidiwa na insulini, huanzisha kazi. Kila mtoto anaponyonya, prolaktini hupanda. Utafiti wa miaka ya 1970 huko Kivu, mkoa ambao wakati huo ulijumuisha Maniema, ulionyesha kwamba wamama walionyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku walibaki na prolaktini nyingi kwa muda mrefu.

Kwa familia zinazokimbia vita Kabambare, ambako maji safi ni shida, maana yake ni wazi: mtoto anyonye mara nyingi, usiku na mchana, bila maji wala uji hadi atimize miezi 6. Akinyonya kidogo, maziwa nayo hupungua.