Sidi Mubarak Bombay, Kiongozi wa Misafara

Msafiri wa leo hupanda treni Dar es Salaam akashuka Dodoma baada ya saa chache tu. Katika karne ya 19 safari hiyo ilikuwa ya majuma mengi kwa miguu: kupanda milima ya Usagara, kupumzika Mpwapwa, kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali, na kisha kuwalipa hongo watemi wa Ugogo ili kupata njia na maji. Wageni walioipita njia hiyo, Burton, Speke, Stanley na Cameron, watoto wetu huwataja kwa moyo. Leo twapenda kumkumbuka mtu aliyesafiri pamoja na wote wanne, naye hatajwi.

Sidi Mubarak Bombay alizaliwa yapata mwaka 1820 katika kabila la Wayao. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akapelekwa Kilwa, akauzwa, akavushwa bahari hadi Bara Hindi. Jina la Bombay, basi, si la ukoo wake, bali ni la mji wa ugenini. Bwana wake alipofariki alipata uhuru, akarejea Afrika, akawa askari wa Sultani wa Unguja.

Mwaka 1857 Burton na Speke walimwajiri. Speke hakujua Kiswahili, ila alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, lugha ambayo huyu alijifunza utumwani. Hivyo balaa ya ujana wake ikageuka kuwa chombo cha kazi yake. Alikuwa pamoja na Speke mwaka 1858 walipoliona ziwa la Nyanza; akaandamana tena na Speke na Grant toka 1860, hata msafara ukafika Misri mwaka 1863. Mwaka 1871 alifika Ujiji pamoja na Stanley, walipomkuta Livingstone. Toka 1873 hadi 1875 alivuka bara zima pamoja na Cameron, kutoka Bagamoyo hata pwani ya Atlantiki.

Hatusemi kwamba alikuwa mtu asiye na kosa. Stanley na Cameron walimlalamikia mara nyingi katika vitabu vyao. Lakini na tukumbuke kwamba aliyeshika kalamu alikuwa upande mmoja tu. Speke mwenyewe, aliyemsifu kwa uaminifu, alipata kumpiga ngumi. Bombay hakuandika kitabu. Hatuna neno lake la kujibu.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani ya fedha, na mwaka 1876 kikamtengea malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885.

Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Mshahara wa mfanyakazi ni haki yake. Hali kadhalika sifa ya kazi yake. Ninyi wazazi, mtoto arudipo kutoka shule na kuwataja wasafiri wale mashuhuri, msimkatize, maana asema kweli. Ila mwulizeni swali moja: ni nani aliyewatangulia njiani, akawatafutia maji, akawasemea mbele ya watemi? Asipojua, mwambieni jina lake.