W. O. Bentley: injini, breki na jina lililouzwa

Katika kitivo cha lugha tumezoea kusimulia maisha ya washairi na waandishi. Mimi nimemchagua fundi, Walter Owen Bentley, kwa sababu maisha yake yanauliza swali linalotuhusu: jina la mtu ni mali ya nani?

Alizaliwa London mwaka 1888, kitinda mimba wa watoto tisa. Akiwa na miaka 16 aliingia karakana ya reli ya Doncaster kujifunza kazi ya treni za mvuke. Mwaka 1912 yeye na kaka yake walianza kuuza magari ya Kifaransa ya DFP. Alipotembelea kiwanda hicho aliona mezani pistoni ndogo ya alumini ikitumika kuzuia karatasi zisipeperuke. Wakati huo pistoni za magari zilikuwa za chuma kizito. Bentley alichanganya alumini asilimia 88 na shaba asilimia 12, na injini ikaweza kuzunguka kwa kasi zaidi bila pistoni kuharibika. Vita Kuu ilipozuka alilipelekea jeshi la majini la Uingereza ujuzi huo, kisha akabuni injini ya ndege iliyoitwa BR1. Vita vilimpa sifa, lakini mwaka 1919 mafua makali yaliyoenea duniani yalimwondolea mkewe, Léonie.

Mwaka huohuo alianzisha kampuni yake. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya lita 3 na silinda 4, kila silinda ikiwa na vali 4 na bujia 2. Mnunuzi wa kwanza alipokea gari mwaka 1921.

Hapo injini ilikuwa imeziacha breki nyuma. Gari lile la kasi lilikuwa na breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Sisi wa Goma hatuhitaji kufafanuliwa sana. Chukudu inayoshuka kutoka Kibumba na magunia ya makala huzuiwa kwa kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Chombo kikipunguza mwendo, uzito husogea mbele, na gurudumu la nyuma hupoteza mshiko pale pale linapohitajika. Mafundi wengi wa zamani waliziogopa breki za mbele, kwa kuwa magurudumu hayo ndiyo yanayopinda, na breki isiyovuta sawa pande zote ingeweza kulipotosha gari.

Mei 1923, John Duff na Frank Clement walipeleka Bentley kwenye mashindano ya kwanza ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Injini ilitoa mzunguko wa kasi kuliko yote, lakini breki za nyuma zilishindwa kulizuia gari ipasavyo. Jiwe nalo lilitoboa tangi la petroli, na Clement akalazimika kulifuata gari kwa baiskeli akibeba mafuta. Walimaliza wa nne. Mwaka uliofuata walirudi na breki kwenye magurudumu yote manne, wakashinda. Bentley zilishinda tena kila mwaka kuanzia 1927 hadi 1930.

Ushindi haukulipa madeni. Mwaka 1931 kampuni ilifilisika, na Rolls-Royce wakainunua kwa takriban pauni 125,000. Walinunua viwanda, michoro na jina, na kwa mkataba wakampata hata Bentley mwenyewe. Aliondoka mwaka 1935 akaenda kampuni ya Lagonda. Baada ya Vita vya Pili, Lagonda walipotaka kuliita gari alilolibuni kwa jina lake, Rolls-Royce walikwenda kwa sheria na kulizuia. Injini yake ilitumika baadaye katika magari ya Aston Martin, bila jina lake.

Alifariki mwaka 1971. Darasani tunafundishwa kwamba jina la pekee humtaja mtu mmoja. Bentley aliishi miaka 40 akiona jina lake likitaja kitu ambacho hakuwa na sauti juu yake tena. Breki aliweza kuzirekebisha ndani ya mwaka mmoja. Jina hakulipata tena. Mtu anayetaka kuandika jina lake juu ya kazi, iwe duka la Birere au kitabu cha mashairi, asome kwanza mkataba.