Tippu Tip na deni iliyovuka ziwa



Jina la Tippu Tip, hakuna mzee wa huku kwetu asiyelijua. Likitajwa tunakumbuka bunduki, minyororo na vijiji vilivyoungua. Hiyo yote ni kweli. Lakini kuna upande mmoja ambao hatuongei sana: huyu mtu aliishi kwa kukopa. Na kwa sababu memba wengi wanakuja kwa komite kuomba mkopo wakati huu mgumu, tumeona vizuri tusimulie maisha yake kwa njia ya deni zake.

Jina lake la kuzaliwa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora. Hamed alianza akiwa na miaka 12, akichuuza sandarusi kwa safari fupi fupi. Alipofika kama miaka 18 alimfuata baba yake Tabora, kisha Ujiji, halafu akavuka ziwa Tanganyika kuingia Urua kutafuta pembe za tembo. Ni ziwa lilelile ambalo wengi wetu tulilivuka tukikimbilia Kigoma mwaka 1996, tukalivuka tena kurudi Baraka kuanzia 2005.

Kijana huyo hakuwa na mali ya kulipia msafara mkubwa. Akafanya kama wenzake wote wa wakati ule, akachukua mali kauli, maana yake bidhaa zinazotolewa kwa neno tu, bila kulipa kwanza. Wenye mali walikuwa matajiri Wahindi wa Zanzibar, na mkubwa wao kwake alikuwa Taria Topan, ambaye alisimamia pia ushuru wa forodha. Walimpa vitambaa vya merikani, shanga, nyaya, bunduki na baruti. Bei ya kukopa ilikuwa juu kuliko bei ya kulipa papo hapo, hivyo faida ya mkopeshaji ilijificha ndani ya bei. Malipo yalikuwa pembe, siku msafara utakaporudi pwani.

Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, akachukua pembe nyingi sana. Tangu hapo wakopeshaji hawakumwogopa tena. Msafara mwingine aliuanza karibu 1870, na hakurudi Zanzibar mpaka 1882. Miaka 12! Katika miaka hiyo alijifanya mkubwa wa Kasongo na nchi ya Manyema. Alimpokea Cameron mwaka 1874, na mwaka 1876 akamsindikiza Stanley sehemu ya safari ya kushuka mto Kongo. Lakini hata huko mbali, nyuma yake kulikuwa na daftari ya Taria Topan inayomngoja.

Sasa tujiulize: pembe za kulipa deni hiyo zilitoka wapi? Nyingine zilinunuliwa sokoni. Nyingine zilikuwa kodi ya nguvu. Na mara nyingi misafara ilikamata wanawake na watoto, halafu ndugu zao wakaambiwa walete pembe ili kuwakomboa. Wengine hawakukombolewa, wakabebeshwa mizigo kuelekea pwani. Mshirika wake Rumaliza alikaa Ujiji, na watu wake walivuka ziwa wakashambulia upande wetu huu wa magharibi. Mkulima wa huku hakupokea hata kipande cha merikani kwa mkopo. Hakuweka mkono kwenye karatasi yoyote. Lakini ndiye aliyelipa.

Mwisho wa maisha yake deni na kesi hazikumwacha. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, leo Kisangani, chini ya mfalme Leopold. Mwaka 1889 Stanley akamshtaki Zanzibar akidai pauni 10,000, na pesa zake zilizokuwa kwa Taria Topan zikazuiliwa. Kesi ile haikufika mbali. Taria Topan alikufa 1891. Mwaka 1893 vita na watu wa Leopold vilimwondolea Kasongo, na mwanawe Sefu akauawa. Baadaye Rumaliza naye akamshtaki kwa Wajerumani juu ya mali ya ushirika wao, na mali yake ya bara ikapungua. Hata hivyo hakufa maskini. Alibaki na mashamba Zanzibar, akasimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na alifariki mwezi wa 6 mwaka 1905.

Hatumsimulii ili tuseme kukopa ni dhambi. Bila mkopo wa mbegu, nyavu au nauli, wengi wetu tuliorudi mikono mitupu tusingesimama. Tunachokiona ni hiki: deni inashuka. Inatoka kwa mwenye daftari kwenda kwa mkopaji, na mkopaji akibanwa inashuka kwa yule asiye na sauti.

Hata leo tunaiona. Baba anakopa kwa wale wanaoitwa Banque Lambert, mama hajui lolote, na siku ya kulipa ni muhogo wa mama ungali shambani unaouzwa kwa bei ya kutupwa. Mvuvi anachukua wavu kwa deni, na watoto wanatolewa masomo ili ndakala zote ziende kwa mwenye wavu. Mdhamini aliyeweka jina kwa heshima tu anapoteza mabati yake.

Kwa hiyo komite inaleta mapendekezo matatu mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, mkopo wa kese usitolewe kabla mume na mke wote wawili hawajakaa mbele ya komite. Pili, mdhamini aelezwe wazi kwa lugha yake atalipa nini mambo yakiharibika. Tatu, shamba la chakula na pesa ya masomo visiwe rehani kamwe. Na ninyi wafadhili, mnapotuongezea pesa ya mikopo, msitosheke na kujua ni nani aliyekopa. Tuulizeni pia ni nani atalipa akishindwa.

Memba, mje na mawazo yenu. Tutapiga kura.